Tambarare Yapanda Mlima

Haya si ya zamani wala si ya mbali, ila si ya kwetu. Naliweka hilo wazi mapema, asije mtu akajikuna pasipomwasha. Kwetu mambo haya hayapo. Yalitokea Jamhuri ya Tambarare, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaona doa la chai, na ukilifuta doa, nchi nayo inaondoka.

Nchi yenyewe ilikuwa bapa kama sinia. Ukimwaga maji uani, maji hayakujua yaelekee wapi. Yalikaa pale pale yakingoja maelekezo kutoka juu, kama raia wengine. Mahali palipoinuka kupita pote palikuwa tuta la barabarani mbele ya Ikulu. Siku za sikukuu watu walivaa nguo mpya wakaenda kupiga picha juu yake. Wenye presha walikatazwa.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Kilele, naye ndiye kilele pekee walichokuwa nacho. Siku moja jino lilimuuma. Kwa kuwa hospitali za Tambarare zilikuwa nzuri mno kupotezewa muda na jino moja, alipelekwa ng'ambo. Huko wenyeji wakamtembeza kwa treni ya kitalii inayopita milimani: mara inazunguka jabali, mara inaingia pangoni, mara inatokea juu ya daraja, chini bonde, juu theluji. Mtukufu alikaa dirishani mdomo wazi mpaka jino likapoa lenyewe. Alirudi nyumbani na boksi la chokoleti lenye picha ya treni hiyo, chokoleti zenyewe zikiwa zimeishia njiani, na hapo hapo uwanja wa ndege akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nimeona kwa macho haya! Nasema, ifikapo Sikukuu ya Kunishukuru, nasi tutakuwa na treni ya kimataifa ya mandhari! Wageni watapanda treni! Nasi sote, wakubwa kwa wadogo, tutapanda milima!"

Watu wakapiga makofi. Kule hupiga makofi kwanza, kufikiri baadaye, ukipatikana muda.

*

Sasa tulia unisikilize, maana kisa chote kimelala kwenye neno hilo moja. Mimi na wewe tunajua kwamba mtu hupanda mlima kwa miguu na hupanda mahindi kwa jembe. Lakini Watambarare, toka enzi za mababu zao, hawakuwahi kupanda mlima kwa miguu, kwa sababu hawakuwa nao. Kwao kilichopanda kilikuwa bei, na kilichopandwa kilikuwa mpunga. Basi Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Mbwembwe, mtu ambaye sauti yake huingia chumbani na kukaa kabla yeye hajafika mlangoni, aliruka kitini.

"Mmesikia? Tutapanda milima! Hiyo ni wizara yangu hiyo!"

Waziri wa Uchukuzi akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, nadhani Mtukufu alikuwa na maana ya kukwea."

"Kukwea nini? Tuna mlima?"

"Hatuna."

"Sasa utakweaje kisichokuwepo? Kisichokuwepo hupandwa, bwana! Mahindi unadhani tunayapataje?"

Jioni yake redio ilimtaja Waziri wa Uchukuzi kuwa ni Waziri wa zamani wa Uchukuzi, na ikamtakia afya njema.

Mtukufu alipopelekewa habari kwamba matayarisho ya kupanda mlima ardhini yameanza, alilitazama boksi la chokoleti. Mwenyewe alikuwa na maana ya kukwea. Lakini kukwea milima kila mtu anakwea, hata mbuzi. Kuupanda ukaota, ni mtawala gani duniani aliyewahi?

"Ndivyo nilivyosema," akasema Mtukufu.

*

Ikaundwa Kamati ya Maandalizi ya Safari ya Treni ya Kimataifa ya Mandhari ya Milimani. Wajumbe walipatikana mara moja, maana kulikuwa na posho. Kilichokosekana kilikuwa katibu, yaani mtu wa kufanya kazi. Wakamwita kutoka stesheni kuu bwana mmoja aitwaye Pandu Ngwali, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza kwenye kipaza sauti kwamba treni imechelewa. Alikuwa na sauti nzuri sana ya kusikitika. Kuna abiria waliokuwa wakikata tiketi ili tu wamsikie akiwaomba radhi.

"Jina lako nani?" Mheshimiwa Mbwembwe akamwuliza.

"Pandu, Mheshimiwa."

"Pandu! Mnasikia? Kupanda kumo ndani ya jina! Huyu amezaliwa kwa kazi hii."

"Mheshimiwa, hilo ni jina la babu yangu. Alikuwa fundi makuti, na kwa kizunguzungu alichokuwa nacho hakupanda hata..."

"Mnyenyekevu pia! Mheshimiwa Hewala, unasemaje?"

Mheshimiwa Hewala, Waziri wa Mambo ya Nje, hakuwa na jibu jingine kwa wakubwa zaidi ya lile lililompa jina na cheo. "Hewala," akasema. Na hewala, kama tujuavyo, haigombi.

Basi wakaingia kwenye shughuli. Swali la kwanza: mbegu ya mlima ni nini? Wataalamu walifungiwa katika semina hotelini, wakala kuku mpaka kuku wakaadimika mjini, wakatoka na jibu. Mbegu ya mlima ni jiwe. Kila mlima ukiutazama umejaa mawe, na yale lazima ndiyo kokwa zake. Mawe ya kienyeji yalikataliwa kwa kuwa huzaa vijiwe tu, na vijiwe vya vijana wasio na kazi vilikuwa vimeshajaa nchini. Yakaagizwa mawe bora ya kisasa kutoka ng'ambo, yakafika yamefungwa katika pamba, yakazikwa kwenye kitalu cha wizara, yakatiwa mbolea na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Akawekwa pia mlinzi wa kufukuza kunguru.

Yakakaa. Wajumbe walipita kila asubuhi kuchungulia, wakiinama kama watu waliodondosha kifungo. Mheshimiwa Mbwembwe alianza kukosa usingizi, maana Mtukufu alikuwa akiuliza mlima umefikia wapi, naye akijibu kwamba unajitayarisha. Hata siku moja, baada ya mvua, pembeni ya kitalu kikaonekana kitu chekundu kimejitokeza, kimesimama, kina ncha juu.

"Umeota!" akapiga kelele Mheshimiwa Mbwembwe, akapiga magoti kwenye tope na suti yake. "Jamani, umeota! Tazameni kilele chake!"

Kila aliyekuwepo alijua kwamba kile ni kichuguu. Kila aliyekuwepo pia alikuwa na watoto wanaosoma. Pandu alitazama mchwa wakiingia na kutoka kwenye mlima wa taifa, akafungua mdomo, akamkumbuka Waziri wa zamani wa Uchukuzi, akaufunga. Usimlaumu. Wewe ungefanyaje?

Ila kikao kilichofuata kilimkata maini. Mche, walisema, sasa uko tayari kuatikwa shambani. Unahitaji udongo wenye rutuba kuliko wote nchini, tena karibu na reli ili wageni wauone ukikua. Mheshimiwa Mbwembwe akaweka kidole juu ya ramani.

"Hapa. Kitopeni, mwisho wa reli. Mtukufu atauatika kwa mkono wake siku ya uzinduzi. Na kwa kuwa mlima ukishika kasi hunenepa, katapila zitafuata jioni ile ile kusafisha mashamba yote yanayouzunguka."

Kitopeni ndiko alikozaliwa Pandu. Na kidole cha Mheshimiwa, kinene kama ndizi mbivu, kilikuwa kimelala juu ya shamba la mama yake.

"Waheshimiwa," akasema, "kule ni tope tupu."

"Ndiyo rutuba yenyewe hiyo! Huyu katibu anajua kilimo, ee?"

"Hewala."

*

Mama yake Pandu aliitwa Bi. Sijaona. Mwanawe alimkuta shambani akiamia ndege, akiwafukuza kwa kombeo, mpunga umemfika kiunoni na umeanza kuinamisha masuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini mnakula matangazo?"

"Mama, nimekuja na neno. Serikali inataka kupanda mlima hapa shambani."

"Si waupande, nani kawakataza? Njia ile pale. Ila wasinikanyagie mpunga."

"Si kupanda kwa miguu, mama. Kupanda kwa jembe. Wanakuja na mche."

Bi. Sijaona alimtazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya tuta la jaruba, ndege wakapata nafasi ya kula. "Hii! Pandu wangu wee! Mche wa mlima! Na jua la mjini lilivyo kali, mwanangu, uwe unavaa kofia." Kisha akauona uso wa mwanawe, kicheko kikakatika.

"Shamba gani?"

"Hili. Na ya jirani zako wote, mpaka relini."

"Na mpunga?"

"Katapila zitauondoa."

"Na mimi?"

Pandu akatazama vidole vyake vya miguu. "Utapewa cheti cha uzalendo, mama. Kina fremu."

"Kinaliwa kwa mchuzi gani?"

Akasimama, akakung'uta kanga yake. Hakuwa akicheka tena hata chembe. "Nisikilize, Pandu. Mifereji hii baba yako kaichimba kwa mkono, na mgongo wake ukaishia humu. Shamba hili limekusomesha mpaka ukajua kutangaza treni zisizofika. Wewe ndiye katibu wao. Siku nitakayoona mlima umekaa hapa, mimi si mama yako. Hata nikifa, usije kunizika."

Pandu alimpenda mama yake kuliko kitu chochote chini ya jua, na alimwogopa kuliko alivyoiogopa serikali, na serikali ya Tambarare haikuwa ya kuogopwa kidogo. Alirudi mjini analia ndani ya behewa, na kwa kuwa treni ilichelewa, alilia vizuri.

*

Alijaribu alichokijua, yaani kuchelewesha. Aliiambia kamati kwamba mche haujazoea upepo. Akaiambia kwamba udongo wa Kitopeni uko likizo. Siku moja alisimama kwa sauti yake ile ya kusikitika akatangaza kuwa mlima utachelewa kwa sababu zisizozuilika, na wajumbe, kwa mazoea, wakaanza kutandika magazeti chini ili walale. Lakini sikukuu haikuchelewa. Ikabaki wiki, ikabaki siku za kuhesabika kwa vidole.

Ndipo Mtukufu alipowaita Ikulu wote, akaweka boksi la chokoleti mezani, akauliza kwa upole wa kutisha:

"Treni yangu ya kimataifa. Inakwenda taifa gani?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Reli ya Tambarare ilianzia mjini ikaishia Kitopeni, na zaidi ya Kitopeni palikuwa na vyura. Kulikuwa na nchi jirani ya Vilimani, ambayo kusema kweli milima ilikuwa nayo mpaka mingine haina kazi, lakini rais wake alikuwa mtu mfupi, na katika mkutano mmoja Mtukufu alimdhania mpagazi akamkabidhi begi. Toka siku hiyo hawakupokeleana simu.

"Hewala?" akaita Mtukufu.

"Hewala," akajibu Hewala, jasho likimchuruzika, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika utumishi wake neno hilo halikutosha.

Mkono wa Pandu ukainuka. Anaapa hadi leo kwamba hakuuinua yeye. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu: Wizara ya Kilimo ya Tambarare haiwezi kusafisha mashamba ya nchi ya watu.

"Mtukufu, kama taifa la pili halipatikani, tunaweza kulitengeneza. Kitopeni wapewe uhuru. Wa kuazima tu. Treni itavuka mpaka, itakuwa ya kimataifa, kisha tutawanyang'anya."

Ukumbi ulisikika ukipumua. Mheshimiwa Mbwembwe akataka kusema neno kuhusu katapila zake, lakini Mtukufu alikuwa ameshaanza kutabasamu mpaka jino lile likaonekana.

"Mimi," akasema, "nitakuwa nimepanda mlima na kuzaa nchi katika juma moja."

*

Mheshimiwa Hewala alikwenda mwenyewe Kitopeni kupeleka uhuru. Aliupeleka na bendi. Akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, akasoma:

"Kwa mamlaka niliyopewa, nawakabidhini uhuru kamili, wa kweli, usioingiliwa na mtu yeyote! Nanyi mtakuwa dola miongoni mwa madola! Uhuru huu utadumu mpaka hapo Mtukufu Kilele mwenyewe atakapoikanyaga ardhi yenu kwa mguu wake wa kulia, ambapo utakuwa umekwisha!"

Makofi. Bwana mmoja akanyosha mkono. "Tukiurudisha, tuuoshe kwanza au mtauchukua hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Sasa nahitaji rais."

Watu wakatazamana. Ulikuwa msimu wa kuvuna, na mtu mwenye mpunga shambani hana nafasi ya urais. Bi. Sijaona, aliyekuwa amekaa mbele akimsikiliza mgeni kwa makini kuliko alivyopenda ionekane, akasema, "Nipeni mimi. Uamiaji wa ndege na uhamiaji wa mpakani vinapishana herufi moja tu. Nitavifanya vyote."

Walikosa bendera, akavua kanga yake ya juu akaitundika kwenye mwanzi. Iliandikwa HUNIWEZI HUNIPATI. Mheshimiwa Hewala aliisoma mara mbili, akasema ni maneno yenye hadhi ya kidiplomasia, akaondoka na bendi yake. Pandu aliyefuatana naye alibaki nyuma kidogo.

"Mama, sasa angalau katapila haziwezi kuvuka."

"Na Mtukufu akishakanyaga?"

Pandu hakuwa amefika huko. Bi. Sijaona alimpapasa shavu kama alivyokuwa akimfanya utotoni akirudi na sifuri.

"Nenda mwanangu. Umefikiri nusu, nusu iliyobaki niachie."

*

Siku ya Sikukuu ya Kunishukuru treni ilipambwa ikapambika. Viti vyote vilipigwa misumari vikiwa vimeinama nyuma, ili abiria ahisi anakwea. Wahudumu walifundishwa kutembea wakiwa wamepinda. Mabehewani ziligawiwa pipi za kuzibua masikio kwa sababu ya urefu wa kwenda juu, na kila baada ya muda sauti ilitangaza, "Mabibi na mabwana, kushoto kwenu kutakuwa na mlima." Watu wakatazama kushoto, wakauona mnazi, wakapiga makofi.

Wageni wa mataifa walikuwa balozi mmoja, wa nchi fulani ya baridi, ambaye hajawahi kukataa mwaliko wenye chakula, pamoja na waandishi wa habari waliodanganywa kwamba kutakuwa na theluji. Mtukufu alivaa koti la sufu, kofia ya manyoya na glavu, na joto lilivyokuwa, alikuwa akiiva polepole. Ubavuni mwake Mheshimiwa Mbwembwe alipakata mlima wa taifa ndani ya chungu kilichofungwa utepe. Mchwa walikuwa wameshaipata suti yake. Alikaa ametulia akiliwa kwa ajili ya nchi.

Pandu alikaa nyuma yao. Aliwaza mguu wa kulia wa Mtukufu, na kiatu chake kikubwa, na mahali kitakapoangukia.

Treni ikapiga honi, ikapunguza mwendo, ikasimama kwa kishindo. Mbele yake, juu ya reli, ilitandwa kamba ya katani kutoka mwembe hadi nguzo. Kanga ilikuwa ikipepea. Chini yake, kwenye mkeka, alikaa Bi. Sijaona amevaa miwani isiyo na kioo kimoja, ungo wa mchele mapajani, anapeta.

"Karibuni," akasema bila kuinua uso. "Pasipoti."

Mheshimiwa Hewala akateremka mbio. "Bi. Mkubwa, huyu ni Mtukufu!"

"Nami ni Rais, Uhamiaji, Forodha na Afya ya Mimea. Tumeshajuana. Pasipoti."

Mtukufu mwenyewe akajitokeza mlangoni, anachuruzika. Maishani hakuwahi kubeba pasipoti. Ng'ambo alikotibiwa alipitishwa na watu wake. Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa noti, akainyosha.

"Tazama. Huyu hapa ni mimi. Uso wangu ndio hati yangu."

Bi. Sijaona akaipokea noti, akaitazama, akamtazama mwenye noti, akaitazama tena.

"Huyu ana nywele, wewe una manyoya," akasema. "Sijaona."

"Hujaona nini?"

"Mfanano. Ndugu yako pengine. Noti hii chukua, kwetu haitumiki. Na yule bwana anayejikuna kashika nini?"

"Mlima!" akanguruma Mheshimiwa Mbwembwe, akikitoa chungu dirishani. "Mche bora wa mlima!"

Bi. Sijaona akanyanyuka, akasogea dirishani, akakigonga kichuguu kwa kwanja lake la kuvunia. Mchwa wakamwagika kila upande. "Mche wenye wadudu. Hauna cheti cha afya ya mimea. Sisi ni taifa la wakulima, bwana, mchwa haingii hapa hata kama ni balozi. Samahani, mheshimiwa," akamwambia balozi, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa heshima kubwa.

"Hapana, hapana," akasema balozi, machozi yakimlenga. "Nimekaa eneo hili miaka mingi. Ni mara ya kwanza naona utaratibu unafuatwa." Waandishi wakaandika.

Mkuu wa askari akasogea sikioni kwa Mtukufu. "Nikate kamba?"

Mheshimiwa Hewala akageuka rangi. Kwa mara ya kwanza maishani alikataa. "La! Tukikata kamba tumevamia nchi jirani, na waandishi hawa hapa. Na tukisema Kitopeni si nchi, basi treni si ya kimataifa. Treni isipokuwa ya kimataifa, Mtukufu atakuwa amekosea. Na Mtukufu..."

"...hakosei," wakamalizia wote, kwa mazoea.

Mtukufu alisimama kwenye ngazi ya behewa, mguu wa kulia umening'inia hewani ukiielekea kamba. Pandu hakupumua. Nakwambia hakupumua kabisa. Mguu ule ukashuka kidogo, ukasita, ukarudi juu.

"Pasipoti hupatikana wapi?" akauliza Mtukufu.

"Kwenu," akasema Bi. Sijaona kwa upole. "Ofisi yenu ya uhamiaji, dirisha la tatu. Nasikia mtandao unasumbua. Uende na cheti cha kuzaliwa, na barua ya serikali ya mtaa, na picha mbili. Uwe umetoa kofia."

*

Treni ilirudi kinyumenyume, maana hapakuwa na pa kugeuzia. Pandu hakupanda. Alisimama upande huu wa kamba akiwa na koti lake la ukatibu, akatazama lile shamba. Mpunga ulikuwa salama wote. Wanawake walikuwa wakivuna wakiimba, na moshi wa wali mpya ulikuwa umeshaanza kupanda juu ya mapaa. Machozi yakamtoka, hakuyazuia.

Akashika kamba apite.

"Pasipoti," akasema mama yake.

"Mama!"

"Mama ni nyumbani. Hapa ni mpakani. Nikikupitisha wewe bure, kesho nitamzuia nani?"

Pandu alifikiria. Hakuwa na pasipoti, na mjini kwa sasa kulikuwa na watu waliokuwa wakimtafuta mwenye wazo la uhuru. Akapiga goti kwenye kokoto za reli.

"Basi naomba hifadhi. Mimi ni mkimbizi."

"Unaikimbia serikali?"

"Ndiyo, Mtukufu Rais."

"Inakutafuta?"

"Sana."

Bi. Sijaona akavua miwani, akaiweka kwenye ungo, na uso wake ukawa ule mwingine anaoujua Pandu peke yake. "Hifadhi umepata. Umekula?"

"Bado."

Akamwinulia kamba.

Mtukufu Kilele angali kwenye foleni ya dirisha la tatu. Cheti chake cha kuzaliwa kimekataliwa kwa kuwa kimetiwa sahihi na yeye mwenyewe, na karani amemwambia arudi kesho. Mlima wa taifa uliwekwa kwenye jumba la makumbusho, ukalila jumba lote. Lakini treni, usione! Treni ya kimataifa inaondoka kila asubuhi imejaa mpaka mlangoni, watu wamebeba magodoro, masufuria, kuku na bibi zao, na juzi Mheshimiwa Hewala alionekana kwenye foleni ya tiketi, kavaa kanga ya mkewe kichwani. Jioni hurudi tupu. Redio ya Tambarare imetangaza kwamba safari hiyo ni mafanikio makubwa kupita yote katika historia ya utalii duniani, kwa sababu toka ilipozinduliwa hakuna abiria hata mmoja aliyerudi kulalamika.